Kinasa-Tochi cha Dada Velda

Jumamosi, tarehe 14 Machi, 1987. Asubuhi hiyo manyunyu yalikuwa yakiangukia theluji iliyobaki kando ya barabara, na theluji yenyewe, ambayo wiki iliyopita ilikuwa nyeupe, sasa ilikuwa na rangi ya maji ya kuoshea masufuria. Velda Crabtree aliitazama kupitia dirisha la jikoni akasikia kichefuchefu. Mara akamwomba Mungu msamaha, maana aliamini hali ya hewa ni kazi Yake, na si adabu kuikunjia uso.

Lakini asubuhi ile kila kitu kilimchukiza. Mchuzi mweupe aliomwagia biskuti zake, vile vimkate laini vya kwao, ulikuwa umeganda, akausogeza kando. Na honi ilipolia nje, mara tatu, kama mtu anayeita mbuzi, alijua ni Ndugu Hoyt Lovelace, shemasi wa kanisa lao, amekuja kumchukua wakanunue kinasa-tochi.

Kinasa-tochi ni kidude cha ukubwa wa kitabu cha nyimbo za dini. Kinabandikwa mbele ya dereva, karibu na kioo, na kazi yake ni moja tu: kupiga kelele kila kinaponusa mawimbi ya tochi ya trafiki, ili dereva akanyage breki kabla hajapimwa mwendo. Katika sehemu zile za Tennessee mashariki, gari lisilo nacho lilikuwa kama nyumba isiyo na mbwa. Velda alikuwa ameishi miaka hamsini na sita bila mbwa na bila kinasa-tochi.

Alikuwa mjane, na siku tano kwa wiki alisafirisha meno ya watu. Karakana ya meno ya bandia iliyomwajiri ilihudumia madaktari tisa waliotawanyika milimani. Velda aliwapelekea meno yaliyokamilika, akarudi na masanduku ya kalibu, zile alama za vinywa zilizochukuliwa kwa plasta, bado mbichi, bado na mate ya wenyewe. Harufu yake ilikuwa imeingia katika viti vya gari lake ikakataa kutoka. Hata hivyo aliipenda kazi hiyo, kwa kuwa ilikuwa ya heshima na ilimpa muda wa kusali akiwa peke yake.

Taabu ilikuwa Jumanne na Alhamisi. Siku hizo alitoka kwa daktari wa mwisho saa kumi na moja na dakika kumi jioni, na mbele yake kulikuwa na maili arobaini na nane za kona na madaraja. Mwisho wa maili hizo kulikuwa na jengo la shule ambalo mlinzi alifunga mlango wake wa nje saa kumi na mbili kamili. Ndani ya jengo hilo, tangu Septemba, Velda alikuwa akisoma darasa la watu wazima. Aliacha shule akiwa na miaka kumi na tatu, mama yake alipolazwa kwa kifua kikuu, na sasa mwezi wa Mei angefanya mtihani wa kupata cheti cha kumaliza shule. Hakuna aliyejua. Kanisani hakusema kwa aibu. Kazini hakusema kwa sababu mbaya zaidi: miaka kumi na moja nyuma, kwenye fomu ya kuomba kazi, aliandika kwamba cheti hicho alikwisha kukipata.

Basi alikimbiza gari. Tangu Krismasi trafiki alikuwa amemkamata mara mbili, na hakimu wa mji alimtazama juu ya miwani akasema: "Bi. Crabtree, ukija hapa mara ya tatu, leseni yako nitaiweka kwenye droo hii miezi sita." Bila leseni hakuna kazi. Bila gari hakuna darasa. Mambo ndiyo yalikuwa hayo.

Jumatano, kwenye ibada ya maombi, alisimama akaomba waumini wamkumbuke barabarani. Alitaka wainamishe vichwa, basi. Badala yake Ndugu Hoyt akainuka, akapandisha suruali, akasema maombi yasiyo na miguu hayafiki popote, na kofia yake ikaanza kuzunguka benchi kwa benchi. Kabla ya wimbo wa mwisho, kanisa lilikuwa limeamua kumnunulia Dada Velda kinasa-tochi. Mtu mmoja alilia kwa furaha. Velda alikaa chini akatazama mikono yake.

"Ingia, ingia, Dada Velda!" Hoyt aliita kutoka garini. "Huyo hapo nyuma ni Dada Dortha, kamati ya kina mama imemtuma aje kutazama usidhulumiwe."

"Nimetumwa nikutazame wewe, Hoyt," alisema Dortha Sizemore, mwanamke mnene mwenye sauti ya tarumbeta, rafiki wa Velda tangu utotoni. "Ukiachiwa fedha ya kanisa utanunua redio."

Mbele ya Hoyt kinasa-tochi chake kilikuwa kimekaa ubavuni mwa Biblia ndogo, vyote viwili vikiwa na vumbi. Walipopita supamaketi kidude kikapiga yowe.

"Wapi? Wapi?" Dortha alishtuka.

"Hakuna kitu. Ni ile milango inayofunguka yenyewe. Inatoa mawimbi kama ya tochi. Kinalia hapo, kinalia hospitali, kinalia benki. Unazoea." Hoyt akakipiga kofi la upendo. "Mwaka jana kutoka Knoxville nilikuja maili themanini kwa saa, nikiimba. Kikilia napunguza, kikinyamaza naendelea. Bwana ni mwema."

Velda aligeuza uso dirishani. Hakujua kitu gani kilimchukiza zaidi, ile themanini au ile Bwana ni mwema.

Duka la Lonnie Buckner lilikuwa nyuma ya mafundi wa matairi. Liliuza redio za magari, na humo ndani mlinuka mpira, waya zilizoungua na tumbaku. Lonnie mwenyewe alikuwa akitafuna tumbaku hiyo, shavu moja limevimba, na kila baada ya maneno machache alitemea katika kopo alilolishika kifuani kama mtoto. Kioo cha kabati kilikuwa na alama za vidole vya mwaka mzima. Juu yake alikuwa ametandika taulo kuukuu, na juu ya taulo vinasa-tochi vitatu.

"Karibuni, watu wa Mungu! Chagueni kama mnavyochagua mchungaji. Huyu wa kwanza ni wa bei poa, lakini anapiga kelele bure. Huyu wa pili ni wa wastani, hana baya hana jema. Huyu wa tatu haongei sana, lakini akisema, shuka magotini."

Hoyt alicheka hadi akakohoa. "Umesikia, Dortha? Sisi kanisani tunaye yule wa kwanza!"

"Nitamwambia," alisema Dortha. "Endelea, Lonnie, na hilo kopo liweke mbali na mimi."

Lonnie alitema, akaeleza. Cha kwanza kililia kwa kila mlango wa duka. Cha pili kilikuwa na swichi ya mjini na ya barabara kuu, mjini kikawa kiziwi kidogo. Cha tatu kilisikia hadi ng'ambo ya kona.

"Kinawezaje kusikia ng'ambo ya kona?" aliuliza Velda. Hakuweza kujizuia. Tangu Septemba kila kitu alichokutana nacho alikiuliza.

Lonnie alimtazama kwa mshangao. Wateja wake hawakuwa wakiuliza hivyo. "Sawa, mama. Tochi inatoa mawimbi. Yanakugonga, yanarudi kwa trafiki, ndipo anajua mwendo wako. Lakini si yote yanarudi. Mengine yanadunda kwenye miti, kwenye vibao, kwenye kingo za daraja, yanasambaa. Hayo yaliyopotea njia ndiyo hiki kinayaokota. Kinakwambia yupo, kabla yeye hajakwambia upo."

Velda alielewa. Alielewa vizuri kabisa, kama alivyoelewa sehemu na desimali mwezi wa Novemba, na furaha ileile ikampanda kifuani. Mara akaona furaha hiyo inaangukia juu ya kitu gani, akahisi kama aliyekanyaga kitu laini akakuta ni kinyesi.

"Haya, maneno yatosha," alisema Lonnie. "Tuonyeshe kwa vitendo. Garland! Njoo na mkuki wako!"

Pazia la nyuma lilisogea. Akatoka kijana mrefu aliyevaa fulana, mkono mmoja ameshika yai lililolowekwa kwenye siki, limeumwa nusu, maji ya manjano yakimtiririka hadi kwenye kiwiko. Mkono wa pili ameshika tochi ya trafiki. Velda alimtambua mara moja. Alizitambua zile nyusi nyeupe, ambazo mara mbili ziliinama dirishani kwake. Alikuwa Garland Tipton, trafiki wa mji.

"Mama wa meno!" alisema Garland akitafuna. "Umefika na wewe! Nilijua tu. Nikimkamata mtu mara mbili, mara ya tatu tunaonana hapa."

Velda aliwageukia wenzake. Dortha alikuwa ameachama. Lakini Hoyt alikuwa akimpungia kijana mkono kama mtu amwonaye kila wiki.

"Garland hunisaidia Jumamosi," alisema Lonnie. "Mteja hawezi kununua kinasa-tochi bila kukisikia kikilia. Na hakiwezi kulia bila tochi."

"Na tochi hiyo ni ya nani?" aliuliza Velda.

"Ya mji," alijibu Garland bila haya. "Jumamosi imepumzika, kama mimi."

"Kwa hiyo Alhamisi unatukamata, halafu Jumamosi unakuja kutuuzia dawa ya kukukwepa."

"Siuzi mimi, anauza Lonnie. Mimi naonyesha."

"Na wewe hupati kitu?"

"Napata yai," alisema Garland, akaliinua lile lililobaki wote walione, kisha akalimaliza kwa mkupuo.

Walicheka wote, hata Dortha. Velda alitazama lile koo jembamba likimeza, akatamani kuosha mikono, ingawa hakuwa amegusa kitu.

Garland alisimama mlangoni akaielekeza tochi barabarani kama mwindaji. Gari likapita. Vidude vyote vitatu vikalipuka kwa kelele juu ya taulo, taa nyekundu zikikimbizana. Cha kwanza kilipiga yowe la nguruwe. Cha tatu kilitoa mlio mfupi mfupi, wa adabu.

"Arobaini na sita," alisoma Garland. "Yule ni mke wa meya. Angekuwa mwingine ningemrukia. Chukua hicho cha tatu, mama, nakushauri kama mwanao. Nikiwa nimejificha nyuma ya kanisa lenu, hicho cha kwanza kinanisikia ukiwa umeshafika. Cha tatu kinanisikia toka darajani."

"Nyuma ya kanisa letu?" alisema Dortha.

Hoyt alianza kukagua redio ukutani.

"Hoyt! Nyuma ya kanisa letu?"

"Alikuwa akinyeshewa, Dortha," alisema Hoyt. "Nilimpa ufunguo wa ukumbi, apate mahali pa kuchemshia kahawa. Ni ukarimu. Na sisi waumini tunajua yuko pale, kwa hiyo tunapita taratibu. Wanaokamatwa ni wapita njia."

"Na mimi," alisema Velda.

"Wewe ungeuliza, Dada. Kila mtu anajua."

Velda alishika ukingo wa kabati. Chini ya kidole chake kioo kilikuwa na mafuta. Aliwaza: kanisa linamficha anayekamata, kisha linapitisha kofia kumnunulia anayekamatwa, na shemasi yuleyule ameshika ufunguo na kofia. Hasira ilimpanda tamu, hasira ya mtu asiye na kosa, akawa tayari kusema maneno makali ambayo angeyakumbuka kwa fahari maisha yake yote. Hakupata nafasi, maana Garland alikuwa bado anaongea.

"Lakini ile ya pili hukuwa na bahati, mama. Siku ile sikuwa kanisani, nilikuwa kwenye kona ya Mzee Ancel Rusk, nyuma ya ghala lake. Sabini na moja! Mzee wa watu mpaka akaingia mtaroni."

"Mzee gani akaingia mtaroni?"

"Mzee Ancel. Si alikuwa pale kwenye sanduku lake la barua, kando ya barabara, na kile kigari chake cha kuegemea akitembea? Posta hupita kwake jioni. Ulipotokea kwenye kona akarukia upande. Kigari kule, mzee huku, barua zote majini." Garland alifuta vidole kwenye fulana. "Nilipomaliza kukuandikia nikaenda kumtoa. Hakuumia sana. Mkono ulivimba kidogo."

Velda alisema, polepole, "Hukuniambia."

"Ningekwambia ningelazimika kuandika. Nikiandika, inakuwa kesi ya wilaya, makaratasi siku nzima, mashahidi, na mji hauambulii kitu. Mwendo ni rahisi. Unalipa, unakwenda zako."

"Mimi sikumwona mtu."

"Naam. Ndiyo maana nakwambia chukua cha tatu."

Ilikuwa tarehe kumi na mbili ya Februari. Velda aliikumbuka siku hiyo yote. Kwenye kiti cha abiria kulikuwa na sanduku, na kalibu ya juu kabisa ilikuwa na kipande cha karatasi: A. Rusk, taya la chini. Aliikumbuka kwa sababu ilikuwa haijakauka, na alikuwa ameifunika kwa skafu yake mwenyewe isipasuke. Alikuwa ameendesha gari huku akiulinda kwa skafu mdomo wa plasta wa mtu yule, na mtu mwenyewe alikuwa amerukia mtaroni. Meno yalitengenezwa. Yeye ndiye aliyeyapeleka kwa daktari wiki mbili baadaye, akiimba.

Na darasani jioni ile walikuwa na hesabu. Sasa akajikuta anapiga hesabu palepale, mbele ya kopo la Lonnie, kama mwalimu wake, Bi. Ledford, alivyomfundisha. Maili arobaini na nane kwa mwendo wa hamsini na tano ni dakika hamsini na mbili. Kwa mwendo wa sabini ni dakika arobaini na moja. Tofauti ni dakika kumi na moja. Alikuwa amezinunua dakika kumi na moja kwa mifupa ya mtu, na hata hakuwa amejua kwamba ameingia sokoni.

"Lonnie," alisema. "Katika hivi vitatu, kipi kinalia kukiwa na mtu barabarani?"

"Mtu? Trafiki unamaanisha."

"Mtu. Mzee aliyeshika barua."

Lonnie alimtazama Garland, Garland akamtazama Hoyt. "Hakuna kinacholia kwa mtu, mama," alisema Lonnie kwa upole, kama anayeongea na mgonjwa. "Vinalia kwa tochi tu."

"Basi sivitaki."

"Ah, Dada Velda!" Hoyt aligeuka kutoka kwenye redio. "Kanisa limetoa. Watu wametoa kwa moyo. Bibi Maudie ametoa fedha aliyotunza anunue viatu! Nikirudi niwaambie nini?"

"Waambie niliomba sala, nikaletewa mashine. Waambie ni uchafu. Trafiki ndani ya kanisa, tochi ndani ya duka, na nyinyi nyote mnacheka. Nani alikwambia mimi nataka kitu kama hiki?"

Sauti yake ilikuwa imepanda. Ilimpendeza masikioni mwake kwa kitambo kidogo sana, kwa maana Dortha alimwekea mkono begani.

"Velda, shoga yangu," alisema, na sasa ile tarumbeta ilikuwa imeshuka. "Ulitwambia wewe."

"Niliomba mnikumbuke barabarani."

"Hapana. Nilikuwa nimekaa nyuma yako. Ulisema, 'Niombeeni nisikamatwe tena.' Maneno yako hayo. Hukusema niombeeni nipunguze. Hukusema niombeeni nisimgonge mtu. Ulisema nisikamatwe. Tukakuletea kitu cha kukufanya usikamatwe."

Velda alifungua kinywa. Akaisikia, kama redio iliyoshika stesheni ghafla, sauti yake mwenyewe ya Jumatano, nyororo, yenye machozi kidogo: nisikamatwe tena. Na si Jumatano tu. Tangu Krismasi, kila Jumanne na kila Alhamisi, akishika usukani, alikuwa akimwambia Mungu neno hilohilo. Alikuwa amempigia Mungu magoti amfanyie kazi ya kidude cha Lonnie, kile cha bei poa.

Kichefuchefu cha asubuhi kilirudi, na safari hii hakikuwa na mahali pa kwenda. Hakikumhusu Garland wala yai lake. Alitoka nje akasimama kwenye manyunyu, akainama juu ya ile theluji chafu, akatapika kahawa.

Dortha alimfuata na leso. "Umekula nini?"

"Sijala. Dortha, mwambie Hoyt anipeleke kwa Mzee Ancel. Sasa hivi, kabla sijatafuta kisingizio."

Hoyt alilalamika kwamba duka litafungwa, kwamba cha tatu kilikuwa kimebaki kimoja. Hata hivyo aliendesha. Kidude chake kililia hospitali, kikalia benki, na mara ya pili Dortha aliinama kutoka nyuma akakichomoa waya. Baada ya hapo Velda aliona kwamba bila kile kidude Hoyt alikwenda polepole sana, akichungulia kila kichaka kama bibi harusi anayeogopa wakwe.

Mzee Ancel Rusk alikuwa na miaka themanini na minne. Waliwakuta yeye na paka wake jikoni, mbele ya sahani ya maharage na mkate wa mahindi. Kifundo cha mkono wake wa kushoto kilikuwa na bandeji iliyogeuka rangi ya kahawia. Meno yake mapya yalikuwa yamelala ndani ya glasi ya maji, kando ya chumvi. Velda aliyajua meno yale. Alijua lile la pembeni lililopinda kidogo, alijua umbo la ufizi ulioyabeba. Uso wa mzee ndio aliokuwa hajapata kuutazama.

"Kanisa zima!" alisema mzee. "Nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa, Mzee Ancel," alisema Velda. Hakukaa. "Mimi ni Velda Crabtree, nabeba meno ya daktari wako. Tarehe kumi na mbili mwezi uliopita, jioni, kwenye kona yako, gari lililokutupa mtaroni lilikuwa langu."

Mzee aliacha kutafuna. "Lile lilikuwa lori."

"Lilikuwa gari dogo la kijivu."

"Nimemwambia kila mtu lilikuwa lori." Alionekana kuchukizwa kweli. "Lori kubwa, la magogo. Sasa unataka nionekane nimetupwa mtaroni na mwanamke mwenye kigari cha kijivu?"

Dortha aliuma mdomo. Velda hakucheka.

"Ulikuwa unakimbilia nini?" aliuliza mzee. "Mtu anaumwa?"

Hapa ndipo palipokuwa pagumu. Angeweza kusema kazi. Hoyt na Dortha wangeamini, kama walivyoamini siku zote. Alitazama meno ndani ya glasi.

"Nilikuwa nakimbilia shule," alisema. "Nasoma darasa la jioni. Sina cheti. Sikumaliza shule, niliishia la saba, na kazini nilidanganya kwamba nilimaliza. Mlango unafungwa saa kumi na mbili, na siwezi kumwomba bosi wangu anitoe mapema, kwa sababu ataniuliza kwa nini."

"Velda!" alisema Dortha. "Na mimi hukuniambia?"

"Wewe hasa."

Hoyt alivua kofia, ile iliyozunguka kanisani, akaikunja mikononi.

Mzee Ancel alisukuma sahani. "Mimi niliishia la tatu," alisema. "Sikuwahi kumtupa mtu mtaroni kwa sababu hiyo." Akamtazama Velda kwa macho yake ya majimaji, bila huruma na bila chuki, kama anayepima mbao. "Pole zako sizitaki, binti. Watu wa kanisa mna pole nyingi kama kunguni. Unapita hapa lini tena?"

"Jumanne."

"Basi niahidi kitu. Na useme kwa sauti, kwa sababu masikio yangu ni mabovu, na hawa wawili wasikie, maana wa kanisani husahau."

Velda alinyoosha mgongo. Alifikiria mlango wa shule na ufunguo wa mlinzi, akafikiria Mei, akafikiria droo ya hakimu na ofisi ya bosi wake. Hakuomba asikamatwe.

"Mbele yako, Mzee Ancel," alisema, kwa nguvu kiasi kwamba paka alishuka mezani, "na mbele ya Ndugu Hoyt Lovelace na Dada Dortha Sizemore, na mbele za Mungu niliyemsumbua vya kutosha: Jumatatu asubuhi, kabla sijabeba hata jino moja, nitamwambia bosi wangu kwamba ile fomu niliidanganya, afanye atakavyo. Kama atanibakiza, sitapita hamsini na tano kwenye barabara hii, hata mlango ufungwe, hata Mei ipite bila mtihani. Na kila Jumanne na kila Alhamisi nitasimama pale kwenye sanduku lako, nitachukua barua zako, na nitazileta hapa mezani kwa miguu yangu."